Jermaniumu inatoka Lubumbashi, faida inabaki wapi? Somo kwa sisi wa Misisi

Wakaaji wa Misisi, Fizi na Baraka, neno jermaniumu linasikika sana siku hizi kwenye habari za madini ya inchi yetu. Pengine unajiuliza: ni madini gani hayo, yako kwetu, na kama yana bei kubwa, mbona mchimbaji wa Akyanga hayajui? Tueleze pole pole, maana habari hii inagusa mambo mawili: mfuko wetu na afya yetu.

Ni kitu gani?

Jermaniumu ni madini ya kijivu yenye kung'aa. Clemens Winkler aliivumbua Ujerumani mwaka 1886, na akaipa jina la inchi yake. Haionekani kwenye karai kama dhahabu. Inajificha kidogo kidogo ndani ya mawe ya zinki na shaba, na pia ndani ya makaa ya mawe. Macho hayawezi kuitambua, inahitaji laboratware. Kwa hiyo mtu akikuletea jiwe mkononi na kusema ni jermaniumu, usitoe feza yako.

Inatumika kwenye nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, lenzi za kuonea usiku, na paneli za jua za satelaiti. China ndiyo inatoa sehemu kubwa zaidi duniani. Mwezi wa nane mwaka 2023 iliweka masharti ya kuiuza inje, na mwezi wa 12 mwaka 2024 ikakataza kuiuzia Marekani, kabla ya kusimamisha katazo hilo mwezi wa 11 mwaka 2025. Tangu hapo wakubwa wa dunia wanatafuta mahali pengine, na macho yakageukia Kongo.

Mabaki yamekuwa mali

Kwetu jermaniumu iko Kipushi, karibu na Lubumbashi. Tangu wakati wa wakoloni, mawe ya Kipushi yaliyeyushwa kwenye kiwanda cha Lubumbashi. Shaba ilichukuliwa, mabaki yakatupwa mpaka yakawa mlima mweusi ambao kila mtu wa Lubumbashi anaujua. Leo kampuni STL, ambayo ni ya Gécamines, inachakata mabaki hayo. Mwezi wa tano mwaka 2024 Gécamines ilitangaza mapatano na Umicore ya Ubelgiji, na mwezi wa kumi mwaka huohuo mzigo wa kwanza ukatangazwa kwamba umepelekwa. Gécamines inasema inataka kufikia asilimia 30 ya mahitaji ya dunia.

Tukumbuke kwamba Umicore ni mrithi wa Union Minière, ile kampuni ya kikoloni iliyokuwa inachimba shaba ya Katanga. Kiwanda kiliacha mabaki Kongo, na leo mrithi wake ndiye mnunuzi.

Usafi ndio bei

Kinachotoka Lubumbashi bado ni mchanganyiko. Mbele kuna kazi nyingine: kuunguza kwa asidi, kuchuja mvuke, kusafisha tena na tena mpaka usafi unapita asilimia 99.99. Kazi hiyo Umicore inaifanyia Olen, Ubelgiji. Baada ya hapo, wanakemia wanaweza kuiunganisha na kaboni wapate oganojermaniumu. Aina moja ni maji maji yanayotumika kutengeneza vipande vidogo vya elektroniki. Kila hatua inaongeza bei, na sisi tuko kwenye hatua za kwanza.

Afya: angalisho

Kuna oganojermaniumu nyingine, Ge-132, iliyotengenezwa Japani mwaka 1967 na watu wa Kazuhiko Asai. Inauzwa kama unga ao vidonge vya kuongeza nguvu, na wauzaji wengine wanaisifu kwamba inaponyesha hata kansa. Haijathibitishwa hivyo. Hatari yenyewe iko kwenye usafi: kama unga umechanganyika na jermaniumu ya kawaida, isiyo na kaboni, unaharibu figo. Japani na kwingine watu waliokunywa jermaniumu ya namna hiyo miezi mingi waliharibika figo, na wengine walikufa. Mwaka 1988 Marekani ilianza kuzuia bidhaa hizo mipakani. Mnunuzi wa Misisi hana chombo cha kupima kopo analoletewa. Mgonjwa aende kwa munganga wa hospitali kwanza.

Na Misisi?

Dhahabu yetu haifuatani na jermaniumu, lakini njia yake inafanana. Mchimbaji anashuka shimoni, mama anatwanga mawe, zebaki inabaki kwenye mikono na mito yetu, na dhahabu inaondoka kwenda kusafishwa mbali.

Serikali ilitangaza jermaniumu kuwa madini ya mkakati mwaka 2018, pamoja na kobalti na koltan, na redevansi yake ikawa asilimia 10. Sheria ya madini inagawanya redevansi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao komini yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hesabu hizi zinatuhusu, kwa sababu siku kampuni yenye leseni ikianza kuchimba Misisi, sekta ya Ngandja itakuwa na haki ya fungu lake. Fungu hilo halifiki kama hakuna anayeliuliza.

Kwa hiyo viongozi wa sekta na mashirika ya raia waanze sasa kuuliza: mabaki ya mchanga wetu ni ya nani? Nani ameyapima, na ndani yake mna nini? Lubumbashi mlima wa uchafu ulikaa miaka mingi kabla ya kuonekana kuwa mali. Mchanga tunaouacha kando ya mashimo, usije ukauzwa kabla sisi wenyewe hatujajua bei yake.