Picha ya mtoto anayetafutwa isipambwe

Ndani ya hema la wahami ni giza, mlangoni jua kali. Ndiyo maana wapiga picha wengi siku hizi wanapiga picha tatu, yenye giza, ya kati na yenye mwanga, kisha programu inaziunganisha. Photomatix inalipiwa, ile ya kujaribu inaacha chapa juu ya picha. Luminance HDR ni ya bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haiombi intaneti. Kwa wakaaji wa huku hiyo inatosha.

Ila ikivutwa kupita kiasi, ngozi inakuwa kama majivu. Mtoto naye hatulii: akigeuza kichwa, sura zinatoka mbili. Mama anayemtafuta mwanawe atamtambua vipi? Picha hiyo ipigwe mara moja tu, nje, kivulini.