Katuba: Hati za shule na ofisi zitoke kwenye flashi, lakini ziende wapi?

LUBUMBASHI – Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kuziba kasoro za usalama katika Windows 10. Kwa shule, zahanati na vibanda vya kuchapa barua huko Katuba, ambako kompyuta za mitumba ni jambo la kawaida, hatua hiyo inarudisha swali la kila siku: hati za watu zinawekwa wapi, na zinapitaje kutoka kompyuta moja hadi nyingine?

Jibu la wengi ni flashi. Katibu anaandika pointi za wanafunzi, ananakili, anampelekea prefe, naye prefe anasahihisha. Baada ya wiki moja kuna orodha tatu zisizofanana, na hakuna ajuaye ya kweli ni ipi. Flashi hiyo ikipita kwenye kibanda cha kuchapa, inaweza kurudi na virusi. Ikianguka ndani ya basi, majina ya watoto na namba za simu za wazazi zimekwenda nayo.

Njia isiyo ya bei kali

Kuna njia nyingine. Kompyuta moja ya zamani inawekewa Linux, mfumo wa ukoo wa Unix, pamoja na Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwishoni mwa mwaka 1991. Kompyuta za Windows hupeana mafaili kwa utaratibu uitwao SMB, na Samba huiwezesha seva ya Unix kufuata utaratibu huo huo. Mfanyakazi anaona folda ya pamoja kana kwamba iko ndani ya kompyuta yake. Orodha inabaki moja, na kila mtu anaifungua kutoka mezani pake.

Kazi hii haihitaji intaneti, bali waya au Wi-Fi ya ndani ya jengo. Kwa Kongo hilo si jambo dogo. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti kwa takriban siku 20. Ofisi iliyoweka kila kitu kwenye seva za ng'ambo haiwezi kufanya kazi siku kama hizo. Yenye seva yake inaendelea.

Gharama kubwa iko kwenye umeme. Mkondo wa SNEL ukikatika wakati seva inaandika, faili linaweza kuharibika. Bila betri ya akiba, ofisi itakuwa imekusanya hati zake zote mahali pamoja ili zipotee pamoja.

Mlango ulio wazi

Hatari nyingine ni uzembe. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipita kwenye kasoro ya SMB ya zamani katika Windows, vikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kasoro hiyo tangu Machi, lakini wengi hawakuiweka. Mwezi huo huo wa Mei, Samba nayo ilitangaza kasoro nzito iliyokuwamo tangu mwaka 2010. Kwa hiyo kuhama kwenda Linux hakutoshi, kwani seva isiyosasishwa ni hatari hata kama programu yake ni nzuri.

Sheria nayo imebadilika. Kodi ya Dijitali, yaani amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamdai anayeshika data za watu azilinde. Shule yenye buletini za wanafunzi inahusika, si kampuni za simu peke yake.

Basi kabla ya kununua kifaa, wakuu wa ofisi wanapaswa kuamua mambo machache. Nani ana haki ya kuandika, na nani wa kusoma tu? Kila mtu ana neno lake la siri, au wote wanatumia moja lililobandikwa ukutani? SMB ya zamani imezimwa? Seva imefichwa isifikiwe kutoka intaneti? Na nakala ya pili inalala jengo gani usiku?

Wasio na majibu wanahamisha tu fujo ya flashi na kuiweka ndani ya sanduku kubwa zaidi. Wakiwa nayo, mzazi wa Katuba anayefuata buletini ya mwanawe ataonyeshwa orodha moja, na atamjua anayewajibika kwayo.