Busia haikungoja ruhusa ya Nairobi kucheza ‘Sitya Loss’

Kuna neno moja la Kizungu ambalo kila kijana wa Busia analijua, hata yule aliyeacha shule darasa la nne. Neno lenyewe ni loss. Trei za mayai zikipasukia kwenye boda, hiyo ni loss. Ukinunua mahindi Tororo leo, halafu kesho Nairobi itangaze kwamba mahindi ya Uganda hayaingii, hiyo ni loss. Shilingi ya Uganda ikipanda ghafla ukiwa umeshika za Kenya, na mteja wako bado anataka bei ya jana, hiyo nayo ni loss, na hakuna ofisi utakayoingia kuidai.

Ndiyo maana Eddy Kenzo alipotoa kibao chake ‘Sitya Loss’ mwaka wa 2014, huku mpakani hakuhitaji mkalimani. Siogopi hasara. Nusu Kiganda, nusu Kizungu, basi. Na hicho Kiganda chenyewe si kigeni ukikisogelea. Ile -tya ya Waganda ni ndugu wa damu wa -cha yetu ya zamani, ile tuliyoiacha kwenye neno “mcha Mungu”. Babu zetu wangesikia “sitya” wangegeuka. Sisi tumesahau, lakini sikio halijasahau.

Tunakirudia kibao hiki cha miaka mingi kwa sababu kuna mjadala usiokufa Nairobi: redio zetu zicheze muziki wa Kenya kwanza, wa kigeni baadaye. Ni mjadala halali na tutaufikia. Ila kila unapoibuka, watu wa Malaba na Busia tunabaki tukijiuliza swali la kijinga: Kenzo ni mgeni wa nani?

Kwanza tumpe jamaa haki yake. Edrisa Musuuza, ndilo jina lake, ni mtoto wa Masaka aliyefiwa na mamake akiwa mdogo na kuishi mitaani kwa miaka kabla ya kushika maikrofoni. Alipofika ‘Sitya Loss’ tayari Uganda ilimjua kwa ‘Stamina’. Lakini kilichoisukuma ngoma hii nje ya Kampala hakikuwa studio wala pesa za kutangaza. Ni watoto. Wale Ghetto Kids, chini ya mwalimu Dauda Kavuma, walisimama kwenye uwanja wa vumbi na nguo zao za kawaida wakacheza kana kwamba mifupa waliazimwa tu na itarudishwa jioni. Video ikaenea mitandaoni hadi huko kusikojulikana Masaka ni wapi. Mwaka wa 2015 Kenzo akatwaa tuzo ya BET kule Marekani, ile ya msanii mpya wa kimataifa inayopigiwa kura na mashabiki. Watoto nao hawakuishia hapo. Mwaka wa 2017 walionekana kwenye video ya ‘Unforgettable’ ya French Montana, na mwaka wa 2023 kundi hilo likafika fainali ya Britain’s Got Talent. Mmoja wa wale wa mwanzo hakuyaona hayo yote, kwani alifariki mwaka wa 2015 kwa ajali ya baiskeli.

Baiskeli. Hapa mtu wa Busia lazima apumue kidogo, maana bila baiskeli hakuna hadithi ya mji huu. Inasimuliwa kwamba jina “boda boda” lilizaliwa papa hapa, wakati vijana walipokuwa wakibeba abiria na mizigo kwenye kile kipande kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita wateja kwa maneno mawili tu: “Border! Border!” Leo neno hilo liko Kigali, Dar na Juba. Limevuka mipaka mingi kuliko waziri yeyote wa biashara. Na aliyelipeleka ni kijana aliyetaka nauli, hakuna aliyemwandikia sera.

Ngoma nazo zilivuka hivyo hivyo. Mwaka ule wa 2014 wengi wetu hatukuwa na bando za kutazama video mchana kutwa. Ulikwenda kibandani na memori kadi yako, ukalipa kidogo, jamaa akakujazia nyimbo hadi kadi ikakataa. Kadi ikaingia kwenye redio ya boda, boda akavuka, akarudi, akavuka tena. Jioni mtaa mzima wa Marachi unajua mdundo. Watoto wa shule wakaanza kukunja magoti kama wale wa video, wazazi wakifoka kwamba sare zinachakaa. Mwaka huo huo Sauti Sol walikuwa wametuletea ‘Sura Yako’ na mtindo wa Lipala, kwa hiyo kwenye sherehe moja ungeona watu wakitoka Lipala wakaingia kwa Kenzo bila hata kubadilisha viatu. Hakuna aliyeuliza huu ni wa nchi gani.

Wapo waliobeza, na tusiwafiche. Wazee walisema wimbo hauna kitu ndani, ni kelele ya mdundo na watoto waliovaa matambara. Wengine wakasema umaskini unafanywa maonyesho ili Wazungu wafurahi. Hoja hii ya pili ina uzito, na inafaa kuulizwa kila mara watoto wanapowekwa mbele ya kamera: nani analipwa, nani anarudi shuleni? Ile ya kwanza tunaikataa. Wimbo unaomfanya mama anayeuza samaki wa Ziwa Victoria acheke akiwa amepata hasara ya siku mbili una kitu ndani, hata kama hakiandikiki kwenye insha.

Sasa twende kwenye mjadala wenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inavitaka vituo vya utangazaji vitenge angalau asilimia 40 ya vipindi kwa maudhui ya humu nchini. Wasanii wetu wanasema hiyo haitoshi, na kampeni ya #PlayKE ilitokana na uchungu wa kweli. Msanii wa Kenya anajibana, analipia studio, anapiga video, halafu anawasha redio na kusikia Lagos na Dar kutwa. Tuko naye. Anayesema soko litajiamulia lenyewe hajawahi kujaribu kupeleka wimbo kwa mtangazaji ambaye hapokei simu.

Shida ni kipimo. Ukipima “wetu” kwa pasipoti, kipimo hicho kinafanya kazi vizuri Nairobi, Nakuru, labda Nyeri. Kikifika Malaba kinavunjika. Wateso wako pande zote mbili za daraja la Malaba, na wengi zaidi wako Uganda, kuanzia Tororo hadi Kumi na Soroti. Akogo, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, inalia Amagoro kama inavyolia Kumi. Pombe ya ajon inanyonywa kwa mirija ile ile kutoka kwenye chungu kile kile. Sasa niambie, kituo cha redio cha Kiteso upande wa Kenya kikihesabiwa nyimbo kwa pasipoti ya mwimbaji, kitacheza nini? Kitabaki na nyimbo chache kizirudie hadi wasikilizaji wahamie masafa ya Tororo, ambayo yanafika hapa bila kugongwa muhuri. Hapo hata yule msanii Mteso wa Kenya tuliyetaka kumwokoa atakuwa amepoteza wasikilizaji. Hali ni ile ile kwa Wasamia wa Funyula na wenzao wa ng’ambo.

Isitoshe, muziki wenyewe haujawahi kukaa upande mmoja. Jose Chameleone, kabla hajawa Chameleone wa mabango, alikuja Nairobi na kufanya kazi na Ogopa Deejays, akaimba na Redsan, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatutikisa kwa ‘Mama Mia’, tena kwa Kiswahili. Tulimwita mgeni? Vijana wa leo wana Joshua Baraka, ambaye ‘Nana’ yake ya 2023 ilipendwa hapa, na toleo lake la marudio likamleta Bien wetu. Ukiweka ngoma hiyo kwenye daftari la asilimia, utaiandika safu gani?

Pendekezo letu ni jepesi. Kanuni za maudhui zikipitiwa tena, vituo vya mpakani vihesabiwe kwa lugha na jamii vinazohudumia, wala si kwa kitambulisho cha msanii. Mwimbaji wa Kisamia ni wa hapa, awe amezaliwa Port Victoria au ng’ambo. Hilo halimpunguzii msanii wa Nairobi hata dakika moja, kwani anayembana hewani siye Msamia.

Lakini redio ni nusu tu ya kesi. Nusu nyingine ni mguu. Tangu Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha Busia, mizigo inakaguliwa sehemu moja. Ni hatua kubwa, wenye malori wanajua. Mama mboga naye ana mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizo kwenye orodha na zisizozidi dola 2,000 zinapata cheti chake pale pale mpakani, bila wakala. Nyanya zina cheti. Maharagwe yana cheti. DJ wa Busia aliyealikwa harusi upande wa pili, akiwa na spika mbili na mixer kwenye mkokoteni, hana. Ataulizwa kama anaziuza. Ataulizwa atazirudisha lini. Kama hana mtu anayemfahamu, atatoa kitu kidogo au atatafuta njia ya panya, na tukianza kuwafundisha vijana kwamba sanaa hupitia njia ya panya, tusishangae wakipitisha na vingine. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayoahidi watu na huduma kusafiri kwa uhuru, ilianza kutumika Julai 2010. Ina umri mkubwa kuliko ‘Sitya Loss’, ila wimbo ndio uliovuka.

Hapa ndipo jina la wimbo linapotuuma. “Siogopi hasara” ni kauli tamu mdomoni mwa kijana anayejitosa. Ila imetumika vibaya. Tunasifiwa sana, sisi wa mpakani, kwa ujasiri: vijana wa Busia ni wapambanaji, wanaanguka wanasimama. Wanaotusifu ndio hao hao wanaotuangusha. Januari 2017 Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda kwa sababu ya homa ya ndege. Machi 2020 Uganda ikafunga mpaka kwa abiria kwa sababu ya korona, na Malaba ikashuhudia malori yakipanga foleni ya kilomita na kilomita. Machi 2021 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, halafu siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Hatusemi maamuzi hayo hayakuwa na sababu. Ugonjwa ni ugonjwa na sumu ni sumu. Tunasema hakuna hata moja lililokuja na notisi ya kutosha kwa mwenye gunia tano, wala fidia ya gunia moja. Mtu wa Nairobi aliyetia sahihi hakuogopa hasara kwa sababu haikuwa yake.

Kenzo mwenyewe siku hizi yuko upande wa pili wa meza. Anaongoza shirikisho la wanamuziki wa Uganda, na mwaka wa 2024 Rais Museveni alimteua kuwa mshauri wake wa masuala ya wasanii. Kuna mashabiki waliokunja uso, wakisema mtoto wa mtaani amemezwa na Ikulu. Sisi tunasubiri kuona. Mtu aliyelala barabarani akiingia ofisini anaweza kukumbuka au kusahau, na kipimo kizuri cha kumbukumbu yake kiko papa hapa: cheti cha vifaa vya sanaa, mfano wa kile cha nyanya, kitakachotambuliwa Busia na Malaba kwa pande zote mbili. Hakihitaji mkutano wa marais. Kinahitaji karatasi moja na mihuri miwili.

Upande wetu kazi ni hiyo hiyo, pamoja na mirabaha. Baa na hoteli za Busia zinadaiwa leseni ya kucheza muziki. Zikilipa, na usiku kucha zikicheza Baraka na Kenzo, basi mashirika ya kukusanya mirabaha ya nchi hizi mbili yachapishe kila mwaka ni kiasi gani kimevuka kwenda ng’ambo na kiasi gani kimekuja huku. Hesabu ya wazi, mtandaoni, kila mtu aione. Msanii wa Malaba anayechezwa Tororo anastahili kujua kama ana shilingi zake zinazomsubiri huko.

Malaba iko Teso North, na mji wa Busia uko Matayos. Wabunge wa maeneo hayo mawili wana nafasi ya kuleta hoja hii maoni ya umma yatakapoitishwa tena kuhusu maudhui ya redio. Na safari hii vikao visiishie Nairobi. Viletwe hapa siku ya soko, asubuhi, kabla boda hawajapata mzigo.