Maoni: Boti za faiba kwenye Ziwa Kivu, ufa mdogo usingoje kuwa shimo

Kwenye bandari ndogo za Goma, Minova, Idjwi na Bukavu, msafiri anayepanda boti ya haraka, ile ambayo wengi wanaita kano rapide, huangalia vitu viwili: mota na jile ya kuokoa maisha. Ubavu wa boti hauangaliwi. Hata mwenye boti akiona pamebanduka kipande kidogo kama ukucha, husema: "Haiingizi maji, twende." Neno hilo ndilo linapaswa kukoma.

Boti ya faiba imetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa na rezini. Juu yake kuna ngozi laini ya rangi, jelikoti, ambayo kwa kawaida unene wake ni kama nusu milimita tu. Ngozi hiyo si ya urembo peke yake. Ndiyo inazuia maji na jua visifike kwenye nyuzi. Ikibanduka, ni kweli maji hayaingii ndani ya boti siku hiyo. Yanaingia ndani ya ukuta wa boti, polepole, bila mtu kuona.

Hatari kubwa iko nyuma, pale mota inapofungwa. Katika boti nyingi za aina hii, sehemu hiyo ina ubao uliofunikwa na faiba. Maji yakipita kwenye ufa au kwenye tundu la skrubu, ubao unaoza ndani huku nje pakionekana pazima. Mwenye boti anajua ukweli siku mota inapoanza kucheza katikati ya ziwa, na watu wamejaa.

Upande wa Goma, jambo hili si la bahati mbaya. Ufuko wake una mawe makali ya volkano. Mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Boti inayovutwa juu ya mawe kama hayo lazima itakwaruzika. Kwa hiyo kutengeneza mikwaruzo kunapaswa kuwa kazi ya kawaida, kama vile kubadilisha mafuta ya mota.

Na kazi yenyewe si ngumu. Fundi anagongagonga kando ya jeraha kwa kipande cha sarafu. Sauti ikiwa kavu, faiba bado ni nzima. Sauti ikiwa nzito kama ya kitu kilichokufa, uharibifu umefika ndani, na hapo rangi haitoshi: lazima kukata sehemu mbovu na kuweka faiba mpya. Jeraha likiwa la juu tu, anaosha kwa sabuni, anaacha pakauke kabisa, anafungua kingo za ufa kwa msasa, halafu anafuta kwa asetoni.

Baadaye anachanganya jelikoti na dawa ya kugandisha kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, mara nyingi gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100. Anajaza kupita usawa kidogo, anafunika kwa nailoni safi kwa sababu jelikoti nyingi hubaki zinanata zikiguswa na hewa. Ikiganda, anasugua kwa msasa na maji, kuanzia namba 220 au 400 hadi 1000, kisha anang'arisha.

Makosa yanayoonekana mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kujaza ufa kwa mastiki ya magari. Mastiki hiyo hunyonya maji, haifai chini ya mstari wa maji. La pili ni kuongeza dawa ya kugandisha asubuhi ya baridi ili kazi iishe haraka. Kiraka kinakuwa kigumu lakini chepesi kupasuka. Tena dawa hiyo inaweza kupofusha macho, na asetoni inawaka moto haraka. Miwani, glavu na barakoa ni lazima, na sigara ikae mbali.

Wenye boti watasema kwamba siku moja bila safari ni hasara. Lakini jeraha dogo linaweza kujazwa jioni na kusuguliwa kesho yake. Ubao uliooza nyuma ya boti unadai siku nyingi na franga nyingi zaidi. Wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ziwani, kinachopotea si ukuta tu.

Wengine watasema kwamba kinachoua watu kwenye Ziwa Kivu ni kujaza vyombo kupita kiasi. Ni kweli, na vilio vya Kalehe mwaka 2019 na vya Kituku mwezi wa kumi 2024 bado havijasahaulika. Lakini boti iliyojazwa kupita kiasi ikiwa na ukuta uliochoka ina matatizo mawili kwa pamoja. Kupigania moja hakukatazi kupigania lingine.

Baada ya ajali ya 2019, Rais Félix Tshisekedi aliagiza jile ziwe lazima kwa kila msafiri. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini jile inamsaidia mtu aliyekwisha anguka majini. Wanaosimamia bandari wanapaswa kuongeza jambo moja dogo: kila boti iwe na daftari, ambamo kila ufa unaandikwa tarehe ulipoonekana na tarehe ulipotengenezwa. Anayekagua karatasi za safari ainame pia atazame ubavu na sehemu ya nyuma. Boti ambayo mota yake inacheza isitoke bandarini, hata kama abiria wameshalipa.

Na mama anayepeleka mihogo sokoni, naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda: "Huu ufa, mliutengeneza lini?" Mwenye boti asiye na jibu hastahili nauli yake.