Upepo, Maji na Msingi wa Nyumba



Wachina wana elimu ya kale inayohusu mahali pa kujenga na namna ya kupanga nyumba. Huitwa feng shui, maana yake upepo na maji. Siku hizi mafundisho yake yanatufikia kwa simu, na baadhi yetu huuliza: Je, yaweza kuleta amani nyumbani? Je, Mkristo ayafuate?

Tuyaeleze kwanza kwa haki. Wachina wa kale waliamini kwamba kuna nguvu ya uhai, waiitayo qi, ipitayo katika nchi na katika nyumba. Upepo huitawanya, maji huizuia isipotee. Kwa hiyo walipenda mahali penye mlima nyuma na maji mbele, mlango ukielekea kusini, ili wapate jua na kujikinga na baridi ya kaskazini. Ndani ya nyumba, wafuasi wake hushauri kwamba mlango usizibwe na vitu, alalaye kitandani aweze kuuona mlango, na vilivyovunjika viondolewe.

Mengi katika hayo ni busara. Mama zetu wafagiao kiwanja alfajiri na kufungua madirisha wanaijua bila kufundishwa na Wachina. Nyumba safi yenye hewa na mwanga huwaheshimu wanaokaa ndani yake.

Lakini hatukubali pale mpango wa viti unapogeuzwa kuwa mwenye kugawa bahati. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila namna ya uaguzi, kwa kuwa maisha yetu yamo mikononi mwa Mungu.

Jambo hili linatugusa hapa kwetu. Nyumba ikipatwa na ugonjwa au kukosa kazi, wengi hutafuta mtu wa kuwaonyesha mwenye kosa, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa bibi mzee au mtoto yatima. Hatusemi mambo haya mawili ni sawa. Kioo kikilaumiwa hakiumii. Mtoto akiitwa mchawi hufukuzwa, akalala sokoni. Hata hivyo mzizi unafanana: tunatafuta chanzo cha fujo kila mahali isipokuwa mioyoni mwetu. Kitanda chaweza kugeuzwa upande wowote. Mume na mke wasiosameheana bado watalala wakipeana migongo.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 7, Bwana wetu anasimulia juu ya watu wawili waliojenga nyumba. Tuangalie vizuri: upepo na maji vilizipiga nyumba zote mbili, hata ile ya mwenye hekima. Haikusalimika kwa kuelekezwa upande wenye bahati. Ilisimama kwa sababu ya mwamba, na mwamba huo ni kulisikia neno lake na kulitenda.

Basi tunawaomba, kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja afagie chumba chake na kufungua dirisha. Kisha amwendee yule wa nyumbani ambaye hawasemezani, amwombe msamaha. Na kama katika jamaa yetu yupo mtoto au mzee anayeshukiwa uchawi, tusinyamaze: tukae karibu naye, tule naye sahani moja, na tuwaite wazee wa jumuiya waje kumtetea.