Paka Hufundishwa na Nani?

Katika mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, nyumba nyingi zina ukuta na miembe uani, na katika ua mwingi utakuta paka. Watu wanamtaka kwa sababu ya panya. Panya akiingia usiku penye mfuko wa unga, hutoboa, hula, huchafua. Asubuhi mama anatazama unga ule, naye hataki tena kuupikia bukari.

Basi watu hufanya nini? Wanakwenda kwa jirani ambaye paka wake amezaa, wanachukua kitoto kingali kichanga, wanamfungia jikoni. Tena wanamnyima chakula. Wanasema, “Akishiba atalala. Akiona njaa atakamata panya.” Hayo ni makosa mawili, na watoto wa nyumba ndio wanaoweza kuyazuia.

Kosa la kwanza ni kumwondoa kwa mama yake mapema. Paka mama ni mwalimu. Watoto wake wakitimiza majuma manne hivi, huwaletea panya aliyekufa. Wanamnusa, wanamla. Siku nyingine huwaletea panya aliye hai, lakini amechoka, akamwachilia mbele yao. Panya akitoroka, mama anamrudisha. Watoto wanaruka, wanakosa, wanaruka tena. Mwanafunzi aliyepata kufuta hesabu ubaoni mara tano anaijua kazi hiyo.

Mwaka 1930 mtaalamu mmoja wa China, Zing-Yang Kuo, alitoa habari za watoto wa paka aliowalea kwa namna mbalimbali. Watoto 21 walikaa na mama aliyeua panya mbele yao: 18 kati yao wakawa wawindaji wa panya. Wengine 20 walilelewa peke yao, kila mmoja mbali na wenzake: 9 tu waliua panya. Wengine 18 walikua pamoja na panya tangu udogo: waliua 3 tu. Wale 9 wanatuonyesha kwamba paka huzaliwa na uwindaji kidogo ndani yake. Lakini fanyeni hesabu wenyewe, mtaona kazi ya mama ni kubwa namna gani.

Wala si kila mwalimu ni sawa. Huko Marekani, mwaka 1969, Phyllis Chesler alieleza habari za watoto wa paka waliotakiwa kubonyeza kijiti ili wapate chakula. Waliomtazama mama yao akibonyeza walijua upesi. Waliomtazama paka mgeni walikawia. Wale ambao hawakuonyeshwa na yeyote hawakujua kabisa.

Na binadamu je? Yeye pia hufundisha, hata asipokusudia. Toka juma la pili mpaka la saba hivi, kitoto cha paka hujifunza ni nani rafiki. Akishikwa kwa upole siku hizo, hatawaogopa watu akikua. Akirushiwa mawe, atakimbia kila mguu anaousikia. Paka wakubwa hawaliliani sana wao kwa wao. Kilio kile cha “nyau” wanakitumia hasa kwa watu, kwa kuwa wameona kwamba anayelia hufunguliwa mlango. Tena mwaka 2019, huko Japani, mtaalamu Atsuko Saito wa Chuo Kikuu cha Sophia, mjini Tokyo, alionyesha kwamba paka wa nyumbani hutambua jina lake katikati ya maneno mengine. Anayeitwa “mwizi” kutwa atalizoea jina hilo.

Hapo ndipo penye kosa la pili, lile la njaa. Paka aliyeshiba huwinda vilevile. Mwenye njaa hangoji panya saa tatu penye tundu; anapanda ukuta, anakwenda kufunua sufuria ya jirani. Kisha anapigwa. Na nani aliyemfundisha kwamba samaki hupatikana mezani? Mara nyingi ni mtoto yule yule aliyemtupia mfupa jana wakati wa kula, naye leo anashika fimbo. Paka haelewi sheria inayogeuka kila siku. Afadhali apewe chakula chake mahali pamoja, katika sahani yake, wala asipewe kitu mezani hata siku moja.

Anayetaka kitoto cha paka wa jirani na aombe ruhusa mapema, halafu angoje majuma manane au zaidi. Wakati anapongoja, aende kumtembelea, amshike kidogo, amwite kwa jina atakalompa. Mama paka akikasirika, amwache. Akiumwa au akikwaruzwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, awaambie wazazi wampeleke kwa mganga hospitalini, kwa maana kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Siku ya kumchukua, aombe na kitambaa alicholalia pamoja na mama yake. Usiku wa kwanza atalia sana.