Ngome Nyekundu ya Delhi: Kuta za Vita, Bustani ya Amani

Mgeni asimamaye mbele ya Ngome Nyekundu mjini Delhi, nchini India, kwanza huona kuta. Ni kuta za mawe mekundu, zenye mzunguko wa kilomita 2.4 hivi, na upande wa mjini hufikia kimo cha mita 33. Kwa jicho la askari, hiyo ni kazi ya kujihami iliyotimia. Lakini apitaye Lango la Lahore, akavuka soko lenye paa liitwalo Chhatta Chowk, hutambua kuwa kuta hizo ziliwekwa ili kulinda vitu vilivyo laini kuliko mawe: maji na bustani.

Mfalme Shah Jahan, wa ukoo wa Mughal, alianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1638, alipokusudia kuhamisha makao yake kutoka Agra. Ilikamilika mwaka 1648. Maji yaliingia kwenye mnara wa Shah Burj, yakatiririka katikati ya majumba ya marumaru kwa mfereji ulioitwa Nahr-i-Bihisht, yaani Mto wa Peponi. Hivyo ndivyo vyumba vilivyopata ubaridi wakati wa joto kali la kiangazi.

Karibu na mnara huo ipo bustani ya Hayat Bakhsh, maana yake yenye kutoa uhai. Mifereji iliigawa bustani kwa vipimo sawa, na kila upande ukawekwa kibanda cha marumaru. Vibanda hivyo viliitwa Sawan na Bhadon, majina ya miezi ya mvua. Nyuma ya maporomoko madogo ya maji palichongwa vidaka; mchana vilipangwa maua, na usiku ziliwashwa taa, mwanga ukametameta nyuma ya maji.

Mwaka 1857 askari wa Kihindi na raia waliasi utawala wa Waingereza. Uasi uliposhindwa, Bahadur Shah, mfalme wa mwisho, alishtakiwa ndani ya ngome yake mwenyewe, akapelekwa uhamishoni Burma, akafia huko mwaka 1862. Ngome ikageuzwa kambi. Majumba mengi yakabomolewa, bustani zikaharibiwa, na mahali pake yakasimamishwa mabweni ya askari. Kazi iliyowachukua mafundi miaka 10 iliangushwa na watu waliokwisha kushinda vita, wala hapakuwa na adui wa kuwalazimisha kufanya hivyo.

Sehemu ya bustani ilitengenezwa upya mwanzoni mwa karne ya 20. India ilipopata uhuru mwaka 1947, bendera yake ilipandishwa juu ya kuta hizo, na kila tarehe 15 Agosti waziri mkuu huhutubia taifa kutoka hapo. Jeshi la India nalo liliendelea kukaa ndani hadi mwaka 2003, lilipoikabidhi ngome kwa idara ya mambo ya kale. Mwaka 2007 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Ngome hiyo inafundisha jambo moja. Askari hupewa lindo, naye hulinda lango na ukuta kwa uaminifu. Lakini imempasa ajue pia kilichomo ndani, kwa kuwa ukuta hujengwa tena kwa muda mfupi, na bustani iliyong'olewa huwangoja wajukuu.